Gunia la Pamba

Nikinusa gunia jipya la katani, namkumbuka karani aliyekuwa akinunua pamba sokoni kwetu.

Gunia la mama lilikuwa dogo kuliko magunia ya wengine. Lakini mimi na dada yangu tulikuwa tumeingia ndani yake tukaishindilia pamba kwa miguu mpaka ikawa ngumu kama ukuta. Karani alipolitundika kwenye mizani, likayazidi uzito hata yale magunia makubwa.

"Wewe mama, umeweka mawe humu."

"Ni pamba tu. Imeshindiliwa."

Akalifungua, akaimwaga pamba yote kwenye vumbi, akaipekua kwa kiatu. Ikafura, ikawa rundo la kunifika kifuani. Hakukuwa na jiwe hata moja.

Tukaishindilia upya, foleni nzima ikitutazama. Mshale wa mizani ukasimama palepale.

"Umeona?" mama akamwuliza.

"Nimeona. Lakini sasa hii ni fifi," akasema, yaani pamba chafu, ya bei ya chini. "Imejaa vumbi."

Mama alilitungua gunia, akatema mate karibu na viatu vya karani, nasi tukaibeba pamba yetu tukarudi nayo nyumbani.