Palizi ya Asumini

Pale kwetu Ilongero maji ya kufulia hayamwagwi ovyo. Mama alisubiri povu litulie, kisha akayabeba kwa ndoo hadi mbele ya nyumba, kwenye maua yake. Alikuwa na waridi jekundu, mirehani, na asumini iliyotokana na kitawi alichopewa na mke wa mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Tanga. Udongo wetu ni kichanga, na upepo wa kiangazi hukausha hata mate mdomoni. Watu walimwambia haitashika. Mama akarundika samadi, akazungushia minyaa ili mbuzi wasipite, na asumini ikashika, ikapanda mpaka dirishani. Ilipochanua, mtu aliyepita barabarani alipunguza mwendo.

Baba, alipokuwa hai, alimtania. "Mwaka wa njaa tutakula maua."

"Wewe kula ugali," mama alimjibu, "mimi niache ninuse."

Baba alipofariki, mama alishinda humo bustanini. Halafu akaanza kusahau. Alisahau chumvi kwenye mboga, akasahau njia ya kanisani, mwisho akasahau kwamba baba amekufa, akawa anamtengea chakula. Mimi nilikuwa fundi cherehani mjini Singida. Nikafunga kibanda, nikapakia cherehani kwenye bodaboda, nikarudi nyumbani. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Tumtunze tu, na tusibishane naye.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, nilitoka jikoni nikasikia jembe. Nilizunguka nyumba. Mama alikuwa ameinama, kanga imefungwa kiunoni, analima. Mirehani yote ilikuwa chini. Waridi lilikuwa limeng'olewa na mizizi yake. Asumini alikuwa ameikata shinani, na matawi yake yalikuwa bado yameshikilia nondo za dirisha, mabichi, hayajajua kilichoyapata.

"Mama!" nilipiga kelele. "Mama, unafanya nini?"

Akainuka, akajifuta jasho. Alinitazama kwa adabu, kama binti aliyefumaniwa na mkubwa wake akipumzika. Kisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi yake ndiye aliyemlea. Nimeambiwa tangu utotoni kwamba nimefanana naye. Lakini mimi ni mtoto wa tumbo lake, na tangu nilipojifunza kusema, shikamoo ilitoka kwangu kwenda kwake, kila siku. Yeye alisubiri, goti bado limepinda, na nikaona wasiwasi unaanza kumwingia usoni. Alidhani nimemkasirikia.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."

Akacheka kwa furaha. Akaanza kuongea Kinyaturu, lugha aliyokuwa akiirudia zaidi kila wiki. "Magugu mwaka huu yamezidi, shangazi. Uwele utasongwa. Mbona umesimama? Chukua jembe."

Nilichukua jembe. Sikuwa na la kufanya tena, maua yalishakufa. Tulipalilia pamoja mpaka jua likawa kali, mimi nikilia, yeye akinisimulia habari za ndugu waliokufa kabla sijazaliwa. Mara moja akaokota kitawi cha asumini, akakinusa, akanipa na mimi ninuse.

"Gugu hili lina harufu nzuri," alisema. Akalitupa kwenye rundo.

Siku zilizofuata alikuwa akienda pale mbele ya nyumba kuuangalia uwele wake. Hauoni, anahangaika, analia kwamba shangazi atampiga. Nikapanda mbegu kweli. Uliota vizuri, maana udongo ule ulikuwa umeshiba samadi ya miaka mingi. Masuke yalipotoka mama akawa anakaa kwenye kigoda chake na sufuria kuukuu, akiipiga kwa kijiti kufukuza ndege. Majirani walisikitika walipopita, lakini mimi nilimwona ametulia kuliko alivyokuwa tangu nirudi. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi, nami niliitikia. Sikuwahi kuzoea.

Homa ilimshika kabla ya mavuno, ikamchukua haraka. Ndugu walipofika kwenye msiba, kaka yangu alitafuta pa kusimamisha turubai. Uwanja mzima ulikuwa uwele.

"Dada, tuufyeke?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nipe panga," nilimwambia. "Nitafyeka mwenyewe."

Punje zilikuwa bado na maziwa, hazifai kusagwa. Niliukata wote, nikawapa majirani wakalishe ng'ombe, kisha nikafagia ili watu wapate pa kukaa.