Sikumwita Mara ya Tatu

Mimi ni mtu wa haraka. Nakula haraka, natembea haraka, na kwa miaka yote niliyofundisha darasa la vijana wenye ulemavu wa akili hapa mjini, nimejaza fomu nyingi kwa haraka hiyo hiyo. Moja kati ya hizo inanikosesha raha mpaka leo.

Ilikuwa ya kupima kama mwanafunzi yuko tayari kwa maisha ya utu uzima: kuvaa, kuvuka barabara, kuitika akiitwa, kujieleza akiumwa, kufanya kazi. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mtaratibu, mwenye mikono ninayoionea wivu. Shuka akiikunja yeye, pembe kwa pembe, utadhani imepigwa pasi. Hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe ilikuwa radhi kumchukua chumba cha kufulia, na mama yake alikwishamshonea buibui jipya la kwendea kazini.

Msimamizi wa hoteli alikuwa na sharti moja tu. Jengo lina ghorofa tatu na ngazi za kiza, wafanyakazi huitana kwa sauti, kwa hiyo alitaka mtu anayeitika akiitwa.

Siku ya kupimwa ilikuwa Ijumaa, na nyumbani nilikuwa na wageni. Nilimwacha binti darasani na mashuka yake, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango, nikamwita kwa jina. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Fomu ilisema aitwe mara mbili. Nikatia alama ya vema kwenye neno "Hawezi", nikaenda zangu kupika.

Hoteli ikachukua mtu mwengine.

Baada ya wiki tatu nilikwenda nyumbani kwao, mtaa wa Ng'ambo, kumpelekea mama yake nakala ya fomu. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Mwalimu, hapa umeandika hawezi kuitika."

"Nilimwita, mama. Hakunijibu."

"Ulikuwa mbele yake?"

"Nyuma ya mlango."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Marehemu bibi yake kamlea hivyo," akasema. "Sauti usiyomuona mwenyewe, usiitike mpaka ikwite mara ya tatu. Mara mbili anaweza kuita jini, ya tatu ndo binaadamu. Huyu akishika jambo haliachi. Kwani wewe kwenu hukufunzwa?"

Nilifunzwa. Mama yangu aliniambia maneno hayo hayo, na mpaka leo, pamoja na cheti changu cha ualimu ukutani, nikiitwa na nisiyemwona nanyamaza kwanza. Watoto wangu hunicheka. Na lipo jambo ambalo sikumwambia yule mama, wala sijamwambia mtu. Mlango ule una ufa. Nilipoita mara ya pili nilimwona binti akiweka shuka chini, akasimama wima, akaelekeza uso mlangoni, anangoja. Nilimwona kwa macho yangu. Nikajisemea fomu ni fomu, na wali wangu haujainjikwa jikoni. Naona haya hata kuiandika sentensi hii.

"Hebu mwite sasa," mama akasema. "Yumo chumba cha ndani, hajui kama umekuja. Wala sijamwambia kama kazi ishakwenda kwa mwengine. Kila siku naahirisha."

Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Mama yake hakuwa akiutazama mlango, alikuwa akinitazama mimi. Nikamwita mara ya tatu.

"Abee, mwalimu!"

Sauti ilitoka safi kabisa, ya mtu aliyekuwa tayari zamani. Kisha tukasikia kabati likifunguliwa, na akakawia kidogo. Nilidhani anatafuta kanga ya kujitanda.

Alipotoka alikuwa amevaa lile buibui jipya, mtandio umekaa sawasawa, viatu kavishika mkononi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Nshavaa. Twende kazini."

Mama yake akaangalia chini. Na mimi, niliyempima mtoto wa watu kwa kuitika, sikuweza hata kuitika marahaba.