Maji yanazunguka, samaki wanahema: kisa cha tanki letu la Mikindani

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni bibi wa watu, simu kaninunulia mjukuu, naandika kwa kidole kimoja. Haya yalinikuta mwenyewe, asije mtu akaniambia ni chai, eti nimetunga.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliolewa Mikindani na Bakari, karani wa bandarini. Kwetu ni Kilambo. Ni kando ya mto Ruvuma, ambao wazazi waliuvuka wakikimbia vita Msumbiji.

Harusini baba hakuja na kanga wala sufuria. Alikuja na dumu la maji lenye samaki wanane wadogo, kawavua kwenye dimbwi la mtoni.

"Mto wetu huu, mwanangu. Ukikumbuka nyumbani, watazame."

Mawifi walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakaniuliza nitawakaanga lini.

Bakari hakucheka. Alikwenda kwa fundi wa madirisha akatengenezewa tanki la kioo, akaliweka sebuleni. Hapo ndipo nilipompenda kweli, nisiwafiche.

Umeme hatukuwa nao. Bakari akatafuta tyubu ya tairi la lori, akaipachika mpira mwembamba unaoingia tankini. Kila jioni akirudi kazini anaijaza kwa pampu ya baiskeli. Upepo unatoka polepole, mapovu yanapanda, maji yanazunguka. Ninyi wa air pump za umeme mnadeka sana.

Mzunguko alikuwa anaupima kwa majani ya chai. Anadondosha machache kwenye kona, tunakaa bega kwa bega kutazama. Yakizunguka tanki zima, salama. Yakituama, maji ya kona ile yamelala, anasogeza jiwe la mle tankini linalozuia mkondo.

Wakati huohuo mama mkwe alinifundisha desturi ya nyumba yao: Alhamisi jioni udi lazima uchomwe. Mimi mgeni, nataka nionekane mke wa pwani aliyekamilika. Nikawa nachoma mpaka mlango hauonekani.

Basi ikawa kila Ijumaa asubuhi samaki wako juu ya maji, wanahema midomo wazi. Ijumaa ya kwanza akafa mmoja. Ya pili wawili. Ya tatu wengine wawili.

Bakari akapima mzunguko, majani yakazunguka vizuri. Akahamisha mawe yote, akapima tena.

"Maji yanatembea, mke wangu. Sasa hawa wanataka nini?"

Na baba alikuwa ametuma salamu kwamba Jumamosi, yaani kesho yake, anakuja kututazama. Wakuu, ningemwambia nini? Nimwambie mto wake umenifia mikononi?

Nikachomoa ule mpira nikausafishe. Upepo ukanipiga puani.

Udi! Udi wangu mwenyewe wa jana!

Kumbe Bakari anapiga pampu palepale sebuleni, na Alhamisi sebule yote ni moshi. Pampu inavuta moshi, tyubu inautunza, samaki wanafukizwa usiku kucha kama maharusi.

Nilitamani kunyamaza. Nikashindwa, nikalia, nikamwambia Bakari ni mimi niliyewaua.

"Tumewaua sote wawili," akasema. "Wewe umechoma, mimi nimepiga pampu."

Akabeba tyubu hadi uani, akaitoa upepo wote, akaijaza upya hukohuko. Nusu ya maji tukabadilisha.

Jumamosi baba akafika. Samaki watatu waliobaki walikuwa wameshashuka chini, wanacheza kati ya mawe. Nikamweleza yote, macho chini. Baba akainama juu ya tanki, akanusa.

"Nilileta samaki wa tope. Hawa sasa wamekuwa watu wa Mikindani!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaomba majani ya chai, na yeye apime.

Funzo nililopata: maji kuzunguka peke yake hakutoshi, angalia na unachokizungusha. Na ukiharibu, sema mapema, pengine wa kukusaidia yuko hapohapo pembeni yako.

Bakari ametangulia mbele za haki. Mjukuu ana tanki lake la kisasa, na juzi nilidondosha majani ya chai kwenye kona. Yakazunguka vizuri. Nikajikuta nimesogea kwenye kochi, namwachia Bakari nafasi.

Wenye matanki humu, jaribuni leo mniambie ya kwenu yamekwendaje. Ila msipime peke yenu.