Pale Peupe kwenye Ukurasa wa Pili

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya barabarani hapa Kibiti, shamba la mpunga na gazeti. Gazeti lenyewe ni kurasa nne tu, linatoka kila Ijumaa, linachapwa chumba cha nyuma. Aliniachia na sharti moja: mwenye gazeti halisomi kabla ya mnunuzi. Yeye alikuwa anatoka nje, anapanga foleni kibandani na watu wengine, ananunua lake, ndipo anajua kilichoandikwa. Nilimwona mjinga. Alipofariki nikafuata vilevile. Chumba cha nyuma nikamwachia binti yetu, ndiye mhariri. Mimi nakaa mbele nauza madaftari na kalamu.

Nilijivuna sana kwa sharti hilo. Alikuja bwana mkubwa mmoja wa ofisini anataka habari ya kisima kibovu iondolewe gazetini. Nikamwambia, "Baba, chumba kile hata mimi siingii." Akaondoka na hasira zake. Wanawake wa mtaani wakanisifia, nami nikavimba.

Aliyeniangusha ni mdogo wangu wa kiume, tumenyonya ziwa moja. Ana boti inayotoka Nyamisati kwenda visiwani, Maparoni na Kiongoroni, inabeba watu na mizigo, na magazeti yetu alikuwa anayapeleka huko bure. Alikuja Alhamisi asubuhi, hata chai hakunywa.

"Dada, mwanao ananiandika."

"Anakuandika nini?"

"Eti boti yangu inapakia watu juu ya magunia na maboya ya kuvaa hakuna. Kawauliza abiria mmoja mmoja! Dada, mimi si nduguyo?"

Jibu nilikuwa nalo, lile lile nililompa yule wa ofisini. Sikulitoa. Nilijifunga kanga kiunoni nikaingia chumba cha nyuma.

Binti yangu hakuinua kichwa. "Mama, umepotea njia?"

"Iondoe habari ya mjomba wako."

"Ina uongo?"

"Sikuulizi uongo. Nimesema itoe."

Akaitoa. "Ila nafasi yake siweki kitu," akasema. "Weka wewe." Mimi niliishia darasa la nne, ningeweka nini? Gazeti likatoka na pale peupe ukurasa wa pili, pakubwa kama sahani ya wali. Tangu siku hiyo akaacha kuniita mama. Kila asubuhi: "Shikamoo, mwenye gazeti."

Wiki iliyofuata boti ile ilijaa maji ikikaribia Kiongoroni. Wavuvi waliokuwa jirani wakawaokoa watu wote. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Niliisema alhamdulillahi hiyo mara nyingi kupita kiasi, na nilijua kwa nini.

Baada ya hapo shangazi yangu akafariki. Wanawake tumekaa mkekani, watani wakaingia na vituko vyao kama ilivyo kawaida ya msiba. Mtani wetu mmoja, mama mtu mzima wa Kiongoroni, akanijia moja kwa moja, akanivua miwani, akaivaa yeye. Akachomoa gazeti letu kwenye kanga.

"Nyamazeni nyie, nasoma habari! Ukurasa wa pili!"

Akakohoa kama mtangazaji wa redio, akaanza kusoma pale peupe. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Kidole kinafuata mistari ambayo haipo. Anatikisa kichwa, anaguna, anarudia. Wanawake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana mtani hakasirikiwi.

Akafika mwisho wa habari yake. "Mmesikia? Hapa pameandikwa nilivyomfunga mjukuu wangu mgongoni kwa kanga mbili, maji yananifika kidevuni. Mwenye gazeti, nimesoma vizuri au nimeruka mstari?"

Kicheko kikakatika. Akanirudishia miwani, akanivisha kwa mkono wake, taratibu, kama anavyovishwa mgonjwa.

Niliporudi nyumbani nilisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, ndani sikukanyaga. "Irudishe ile habari. Na uandike kwamba niliitoa mimi."

"Ya mjomba nitairudisha. Hilo lako liandike mwenyewe."

Nimeandika siku mbili, kwa kalamu ya kuuza. Yakatoka maneno machache: habari hii ilikuwa tayari, niliitoa mimi kwa sababu boti ni ya mdogo wangu, na watu wakaendelea kupanda. Nikaipitisha karatasi chini ya mlango.

Ijumaa nikapanga foleni. Muuzaji akaniuliza mbele za watu, "Bibi, leo limejaa?" Nikamwambia, "Nipe nisome." Safari hii hakuna aliyenisifia. Mdogo wangu hanisalimii tena, na magazeti ya visiwani yanapanda boti ya mtu mwingine, kwa nauli.

Asubuhi ya leo binti yangu amepita mbele yangu na funguo zake. "Shikamoo, mwenye gazeti." Nimeitikia marahaba. Sina pa kumlaumu.