Pedali ya Fundi Cherehani

Tarehe 3 Machi, daktari alimkataza fundi cherehani kukanyaga pedali mpaka kidonda cha kisukari unyayoni kifunge, la sivyo mguu ungekatwa. Alitii kwa namna yake. Mumewe aliketi sakafuni akisukuma pedali kwa mikono, naye akishona, pini midomoni, akifoka, "Taratibu, mzee! Hili ni gauni la bibi harusi, si gunia!"

Leo daktari amefungua bendeji na kupapasa unyayo.

"Mama, unasikia nikigusa hapa?"

"Unanitekenya, mwanangu!"

"Basi hisia zipo, na kidonda kimefunga. Kakanyage pedali."

Mumewe akainua viganja vyenye sugu. "Na mimi, daktari?"

"Wewe unahamia kwenye vifungo," fundi akamjibu, akicheka mpaka machozi. Kesho asubuhi wanaanza kushona sare za shule.