Siku Mbili za Kutoomba Msamaha

Hilaire anatunza seva ya barua pepe ya ushirika wetu wa wakulima, hapa Mangobo. Mimi nalinda mlango, kwa hiyo namwona kila siku. Ni mtu mpole, hupiga hodi hata kwenye chumba kitupu.

Mwezi wa tatu mzee mmoja wa ushirika alifariki. Katibu wetu, Mama Chimène, aliogopa kumsahau mtu, maana kwetu ukikosa kupewa habari ya matanga unanuna miaka. Akatuma tangazo kwa anwani elfu nne, wengine mara tatu. Kesho yake kila barua tuliyotuma ilirudi. Hilaire akasema seva yetu imetiwa kwenye orodha ya wanaotuma barua taka.

Hapo tukashtuka. Oda yetu ya vijiti vya mihogo ilitakiwa kufika kituo cha mbegu cha Yangambi kabla ya Ijumaa, kwa barua pepe tu. Bila hiyo, hakuna kupanda msimu huu.

Orodha ilikuwa na fomu ya kuomba kutolewa. Jumatatu Hilaire akaijaza. Mama Chimène akashika kiuno.

"Tonton Hilaire, unaenda kuomba pardon peke yako? Kama mutoto?"

"Mama, inasomwa na mashine tu."

"Mashine iko na benyewe, ni batu!"

Akawaita wajumbe kumi na saba, kila mmoja akajaza fomu yake. Mjumbe mmoja, Papa Mahmoudi, aliwauliza wenye orodha hata hali ya watoto wao. Jioni jibu likaja: maombi yamezidi. Mkikaa kimya saa arobaini na nane, anwani ya seva yenu itatoka orodhani yenyewe. Mkiomba tena, saa zinaanza upya.

Tangu hapo kazi ya Hilaire ikawa kuzuia watu wasiombe msamaha. Aliweka kiti mbele ya kompyuta, akakikalia.

"Neno moja tu la heshima," Papa Mahmoudi akabembeleza Jumanne.

"Hapana, papa."

"Nusu?"

"Papa, nyamaza kwa ajili ya mihogo!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. Mwenyewe alishtuka, akataka kuomba radhi, akajizuia.

Alhamisi asubuhi anwani ilikuwa imetoka. Oda ikaenda, na kabla ya saa sita Yangambi wakajibu: vijiti vitapakiwa Jumamosi. Ofisi nzima ikapiga vigelegele. Mama Chimène akavuta kiti.

"Bon. Sasa tuwaandikie watu wa orodha asante. Wajumbe wote kumi na saba."

Hilaire akachomoa waya wa seva, akautia mfukoni, akaenda kula pondu yake ya majani ya mihogo.