Mlango Tuliokatia Vitambaa

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba mama yangu alikuwa akishona mifarishi Voi. Voi ni joto. Mtu analala dirisha wazi, shuka amelisukuma miguuni, na bado anaamka shingo imelowa. Nani atataka tandiko nene la viraka, tabaka mbili zilizojazwa sufi na kushonwa pamoja, katika mji kama huo? Lakini wateja wetu hawakuwa wa Voi. Walikuwa juu milimani, Mghange na kwingineko, ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi na watoto wa shule za bweni hulala wamejikunja. Sisi tulishonea baridi ya wenzetu huku jasho likitutiririka.

Kwetu ni Marungu. Baba alishuka kutoka Mghange akiwa kijana, shamba la kwao likiwa limegawanywa mpaka halikutosha hata mistari ya maharagwe. Babu hakuwa na cha kumpa ila mti mmoja. Ulikatwa, ukapasuliwa mbao, baba akazishusha tambarare akatengenezea mlango. Ulikuwa mti mwekundu, mzito, ambao jina lake nalijua kwa Kidawida tu. Kila niliyemwomba anitafsirie amenipa jina tofauti. Nyumba yenyewe ilikuwa ya fito na udongo kama za majirani. Mlango ndio uliokuwa wa kifahari. Mama alipenda kusema kwamba yeye aliolewa na mlango, mwanamume akapewa kama nyongeza.

Baba alifariki nikiwa mdogo, akazikwa hapo hapo, upande wa kulia ukitoka nje. Mama akabaki na kaka yangu na mimi, mbuzi, shamba, na ufunguo aliokuwa akiufunga kwenye pindo la leso.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya sabini. Ndovu walitoka mbugani wakitafuta maji, na maji yenyewe yalikuwa kwa watu. Sisi tulikuwa tumelala msibani kwa jirani. Tuliporudi asubuhi, ukuta wa upande wa jikoni haukuwepo. Walikuwa wamenusa pipa la maji tuliloliweka ndani, wakabomoa, wakanywa, wakatafuna mahindi ya mbegu, na walipogeuka kutoka wakaondoka na nusu ya paa. Kilichobaki wima kilikuwa mlango, ndani ya fremu yake, umefungwa vile vile tulivyouacha.

Kaka akaanza kuingia kwa pale palipokuwa na ukuta.

"Toka huko," mama akamwambia. "Wewe ni ndovu?"

Akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akaufungua mlango. Tukaingia nyumbani kwetu kwa mlango, mmoja nyuma ya mwingine, na juu yetu ni mbingu tupu. Nilitaka kucheka mpaka nikauona uso wake.

Ndivyo tulivyofika Voi. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya maduka, kimoja cha kulala, kingine cha kazi. Mama alikuwa na cherehani ya mkono, na mafundi wa nguo wa mjini walimwachia mabaki yao: vipande vya kaki ya sare, vya tetroni, vya makoti. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo nikawa mkono wake wa pili.

Mwanzoni tulikatia sakafuni. Mfarishi ni kitu kipana, na ukikosea kukata kiraka kimoja, kosa hilo linatembea mpaka ukingoni. Tulipiga magoti kwenye saruji, mama akishika mkasi, mimi nikivuta kitambaa kisijikunje, na kuku wa mwenye nyumba wakipita juu ya kazi yetu kama mabwana shamba. Jioni mama alikuwa hawezi kusimama mpaka nimshike kwapani. Tulijaribu kitanda, lakini godoro lilibonyea na kila kitu kikatoka upogo. Tukaazima meza ya chai kwa jirani. Ilikuwa fupi na nyembamba, mfarishi ukaning'inia pande zote na uzito wake ukauvuta mkasi. Fundi seremala wa mtaani, Mkamba mmoja mpole, alisema atatutengenezea meza nzuri tukimletea mbao. Mbao tungetoa wapi?

Mama ndiye aliyesema, akiwa bado amepiga magoti, "Mbao ninazo. Ziko Marungu, zimesimama."

Kaka alikwenda na rafiki yake mwenye lori la mifugo, wakaung'oa mlango kwenye fremu, wakaja nao ukinuka mavi ya mbuzi. Tuliuosha, tukaulaza juu ya mapipa mawili matupu ya mafuta. Kimo kilikuwa sawasawa na kiuno cha mama. Aliweka viganja viwili juu yake, akaegemea, na nikamwona mgongo wake ukishuka taratibu kama mtu aliyetua mtungi.

Shida ilikuwa urefu. Ulikuwa mrefu kuliko chumba kilivyoruhusu, na jinsi tulivyouweka, mlango wa chumba ukawa unafunguka nusu tu na kugonga kona ya meza. Fundi akaitwa. Alikuja na msumeno na penseli sikioni, akapima, akachora mstari.

"Mama, hii mlango ni refu. Wacha nikate hapa tu, kidogo. Hizi bawaba pia natoa, zitakushikia kitambaa. Na hii shimo ya kitasa naziba na kipande."

"Usikate," mama akasema.

"Ni kidogo tu, mama."

"Ukiukata, nyumba yangu nitaifunga na nini?"

Fundi akatazama huku na huku. "Nyumba gani?"

"Ya Marungu."

Fundi alijua habari za ile nyumba. Voi nzima ilijua. Akafuta mstari wake kwa mate na kidole gumba, akachukua msumeno wake akaenda.

Nilikasirika, na niseme kweli, nilikasirika miaka mingi. Ni mimi niliyekuwa na alama ya kijani nyongani isiyopona kwa kugonga ile kona. Tuliingia chumbani kwa ubavu, tumbo tumelivuta ndani. Wateja wembamba walikaribishwa ndani. Wanene walizungumzia mlangoni, na mama mmoja wa kanisani, aliyejaaliwa, alihamishia biashara yake kwingine akisema tunamdhihaki. Bawaba zilinasa vitambaa kama fundi alivyotabiri, mama akazivisha matambara kama vidole vilivyojikata. Pini zilitumbukia kwenye tundu la kitasa, nikaweka mkebe chini yake, na kila jioni nikazivua humo. Nikilalamika mama alisema, "Vumilia. Tukirudi nyumbani fundi atakutengenezea meza yako." Alisema tukirudi, si kama tutarudi.

Kwa kazi lakini sikuwahi kuona meza bora. Kiungo cha mbao ya kwanza na ya pili kilikuwa mstari ulionyooka kuliko rula, tukalinganisha ukingo wa kitambaa hapo. Kulikuwa na jicho la mti karibu na katikati, na kutoka jicho hilo hadi ukingo ndio upana wa kiraka cha mama, hakuhitaji futi. Pale alipoegemea palilainika, pakang'aa. Na kila Jumamosi, akimaliza kuipaka cherehani mafuta, aliinamia kitasa, akatia matone mawili, akaingiza ufunguo, akauzungusha. Ulimi wa kitasa ukatoka ukafunga hewa, ukarudi. Nilimuuliza mara moja anamfungia nani. Akasema anakizoesha.

Kurudi kulikuwa kwa mwaka ujao. Mvua ikinyesha, tungerudi. Ikanyesha, na ndovu wakapitia mashamba ya jirani zetu wa zamani, tukangoja. Kaka alipata kazi Mombasa, akaoa, akaahidi kujenga. Alikuwa mtu mzuri na alimaanisha alichosema, ila kila alipokaribia kulitokea jambo: mtoto, ugonjwa, kodi. Alipokuja kututembelea na kuanza kueleza nyumba ya mawe na mlango wa chuma kama wa watu wa siku hizi, mama alimkatiza. "Mlango ninao. Wewe niletee kuta."

Hakuletewa kuta. Sisemi kwa kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu ndiyo huzuni yangu, na sijapata pa kuiweka. Nilimtazama mama yangu akizeeka akiwa ameegemea mlango wa nyumba yake, siku kwa siku, na asiweze kuupita.

Miaka ya themanini ilimkuta akiwa na kifua. Sufi haimpendi mtu mwenye kifua, lakini ukimwambia aache alikuuliza mtakula nini. Asubuhi ya mwisho chumbani alikuwa akikata mfarishi wa rangi ya samawati kwa mwalimu mmoja wa Mghange. Alifika katikati, akaweka mkasi juu ya jicho la mti, akasema, "Malizia wewe, mimi nikae kidogo." Alikaa juu ya gunia la sufi. Tukampeleka hospitali mchana huo. Baada ya siku chache muuguzi akanipa nguo zake, zimekunjwa vizuri, na leso juu. Nilishika pindo kabla sijalia. Ufunguo ulikuwepo.

Azikwe wapi halikuwa swali. Azikwe Marungu, kando ya baba. Swali lilikuwa jingine. Mjomba, kaka yake mama, alisema kwa sauti ya chini kwamba si vizuri kumshusha dada yake kwenye gari na kumpeleka moja kwa moja shimoni kama mzigo, bila hata kupita nyumbani kwake. Lazima aingie ndani, apumzike, aombewe, ndipo atoke. Na ndani hakukuwepo. Kulikuwa na kichuguu na miiba pale nyumba ilipokuwa.

Wanaume walikwenda mapema wakafyeka. Wakasimamisha nguzo mahali pa nguzo za zamani, kaka akileta mabati ya kuazima na turubai la lori. Yule fundi seremala, sasa kichwa kimejaa mvi, alikuja chumbani kwetu kuuchukua mlango. Niliondoa kile kitambaa cha samawati, nikakikunja na mkasi ndani yake. Nikafungua matambara kwenye bawaba. Fundi alipitisha mkono kwenye mbao, pale ambapo zamani alichora mstari wake.

Fremu ya baba ilikuwa imeliwa na mchwa, kwa hiyo akatengeneza nyingine, akaufuata mlango kwa vipimo. Bawaba zilikaa. Turubai halikutosha kuzunguka nyumba. Upande wa jikoni ulibaki wazi kabisa, unaona mpaka kaburini kwa baba. Mtu angeweza kuingia hapo na ng'ombe wawili.

Gari lilipofika, vijana waliobeba jeneza waliona ule uwazi na wakaanza kuelekea huko, maana ulikuwa karibu na rahisi. Kaka yangu akawazuia. Alikuwa mtu mzima wa mvi za kwanza, baba wa watoto, suti ya Mombasa imeingia vumbi hadi magotini. Alisema, "Hapana. Huko ni kwa ndovu." Vijana hawakuelewa, ila walirudi.

Nilitoa ufunguo. Niliogopa kwamba hautazunguka, kwamba miaka yote ile ya matone ya Jumamosi ilikuwa mchezo tu wa mama. Ulizunguka bila hata kukwama. Mama yangu akaingia nyumbani kwake kwa mlango, na sisi sote nyuma yake, mchungaji, majirani, hata wazee wenye fimbo. Hakuna aliyepita ubavuni ingawa kulikuwa wazi.

Tulipokwisha kumzika, kaka aliuliza kama wapakie mlango kwenye lori. Alinifikiria mimi na kazi yangu, na alikuwa na haki. Nikamwambia auache. Turubai na mabati yalikuwa ya watu, yakashushwa yakarudi kwa wenyewe. Nikafunga kwa ufunguo, nguzo pande zote na upepo katikati, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la leso yangu.

Voi nilifika jua likiwa bado kali. Nilisukuma mlango wa chumba cha kazi, nao ukafunguka wote, ukaenda mpaka ukagonga ukuta, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tuhamie. Chumba kilikuwa kikubwa. Mapipa mawili yalisimama yakitazamana, na mkebe wa pini sakafuni. Nilisimama kizingitini na njia yote mbele yangu, kisha nikavuta tumbo ndani, nikageuka, nikaingia kwa ubavu.

Nikapiga magoti kwenye saruji, nikakunjua kile kitambaa cha samawati, nikatafuta pale mkasi wake ulipoishia. Hapakuwa na wa kunivutia upande wa pili kisijikunje, kwa hiyo nikaweka mawe.